Niliomba Njia, Nikaonyeshwa Mizani

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka mjini Busia, upande wa Uganda, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Nilizaliwa katika kambi ya polisi, baba akiwa askari aliyehamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine, na ndiyo maana Kiswahili ndiyo lugha niliyolelewa nayo na ambayo huombea hadi leo, ingawa sokoni nazungumza Kisamia na Kiganda kutwa nzima. Niliokoka mwaka 2004. Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu wanaomwomba Mungu awaongoze katika jambo kubwa, kwa kuwa mimi niliomba hivyo kwa machozi na kwa kufunga, na bado nikapoteza kiwanja, nikaingia katika deni na kumuumiza mume wangu, huku nikiamini kila hatua kwamba ninatii.

Mwaka 2018 biashara yangu ya mahindi na maharage ilikuwa imetulia. Moyoni nikaanza kuona ghala langu mwenyewe Kisenyi, Kampala, mahali penye vinu vingi vya kusaga mahindi, ambapo unga wa posho, yaani wa ugali, hununuliwa kwa ajili ya shule na maduka. Sikutaka kwenda kwa akili zangu, kwa hiyo nilifunga siku ishirini na moja, nikalala mlimani pa maombi mara mbili, na nikamwekea Mungu ishara: kama kiwanja chetu kingepata mnunuzi kabla ya mwisho wa mwezi, ningejua kwamba amenituma. Mnunuzi alipatikana siku ya tisa. Leo nikikumbuka, nilikuwa nimekitangaza kwa shilingi milioni 12 wakati majirani walikuwa wakiuza viwanja vya ukubwa uleule kwa milioni 16, na kwa bei ile mnunuzi asingekosekana hata kama nisingeomba kabisa. Mtu anayetaka kuweka ishara mbele za Mungu na ajiulize kwanza kama ishara hiyo inaweza kukataa. Yangu haikuwa na uwezo wa kukataa.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mtumishi mmoja, ambaye sitamtaja, aliyesifika kwa unabii. Aliniambia kwamba anaona ghala lenye milango mitatu na magari yakipanga foleni. Nililia kwa furaha, nikapanda mbegu, yaani nikamtolea sadaka, ya shilingi 1,500,000. Sikukumbuka kwamba asubuhi ile langoni nilikuwa nimejaza karatasi ya maombi na kuandika kwa mkono wangu kwamba mimi ni mfanyabiashara wa nafaka ninayetafuta ghala. Sisemi kwamba unabii haupo. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Mimi nililitii agizo la kwanza na kulipita la pili. Ushauri wangu kwa yeyote ni kwamba neno lililotolewa kwa jina la Bwana, likafuatwa palepale na ombi la fedha, lisubiri nyumbani angalau mwezi mmoja bila kutolewa senti, kwa maana kama ni la Mungu halitaoza.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza, aliniambia, "Mama, tungoje msimu mmoja tuone." Nikamjibu kwamba Mungu amesema. Alinyamaza, akaweka sahihi katika karatasi za kiwanja, na mimi nikauhesabu ukimya ule kuwa ni kukubali. Ni baada ya miaka mitatu tu aliponieleza kwamba usiku ule alikaa uani hadi jogoo la kwanza, akijiuliza kama yeye si mtu wa Mungu, kwa kuwa Mungu anazungumza na mkewe na kumpita. Maneno hayo, "Mungu amesema," ni mazito mno, na niliyatumia kama kufuli la kumfunga mtu mdomo. Sasa husema, "Nadhani Bwana ananielekeza hivi, nisaidieni kupima," na nimegundua kwamba sauti ya kweli haipungui nguvu kwa kupimwa na mwenzi wa nyumba.

Nilihamia Kisenyi Januari 2019. Kodi ilikuwa shilingi 500,000 kwa mwezi na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Ghala la Busia nilimwachia mtoto wa kaka yangu, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilihangaika: malori yalichelewa, mzigo mmoja ulikataliwa kwa unyevu, na niliongeza mkopo kutoka SACCO hadi deni likafika milioni 11. Kila tatizo nililiita upinzani wa shetani, na kwa hiyo kila tatizo likawa uthibitisho kwamba niko mahali sahihi. Mwishoni mwa mwaka nilipata shule nne za kuziuzia unga, nikaona mlango umefunguka. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya Covid-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Unga wangu ulibaki mpaka ukaingia wadudu. Usafiri uliporuhusiwa, baadaye mwaka huo, nilirudi Busia nikiwa na mizani moja, magodoro mawili na deni.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili la milango na vikwazo. Apolo Kivebulaya, yule Mganda aliyepeleka Injili Mboga, Kongo, mwaka 1896, alipigwa, akafungwa, akarudishwa Uganda, kisha akarudi tena kwa watu walewale, na huko ndiko alikofariki mwaka 1933. Kwa kipimo cha mlango uliofungwa, angekaa Toro, upande wa Uganda. Na kwa kipimo changu cha kwamba upinzani ni uthibitisho, ningekuwa bado Kisenyi na deni la milioni 30. Urahisi wa njia hausemi kitu peke yake, wala ugumu wake.

Huko Busia niliomba kwa uchungu zaidi kuliko mwanzo. Nilikuwa nafungua ghala saa kumi na mbili asubuhi, nakaa juu ya gunia, nasoma, naomba, kisha naanza kazi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, na ingawa katazo lenyewe liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, mpakani hapa wanunuzi waliogopa kwa majuma mengi. Kazi ikawa haba, nami nikawa na muda wa kukaa kimya kuliko nilivyowahi kuwa nao tangu nianze biashara.

Asubuhi moja ya Aprili mwaka huohuo nilimaliza kuomba. Maneno yangu ya mwisho yalikuwa yaleyale ya siku zote: Bwana, sema, mtumishi wako anasikia. Nikainuka, nikaning'iniza mizani kwenye boriti, nikaweka kidole gumba juu ya parafujo ndogo iliyo juu ya uso wake, nikaizungusha kidogo kushoto kama nilivyofanya kila asubuhi tangu mwaka 2013. Mshale ukashuka chini ya sifuri kwa kilo tatu. Gunia la mkulima lenye kilo 100 lingesoma 97. Kidole kilibaki pale juu ya chuma. Nilikuwa bado nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema "mtumishi wako anasikia," na mkono wangu ulikuwa tayari kazini.

Nieleze wazi, kwa kuwa wengi katika biashara hii wanaijua parafujo hiyo. Sokoni hatukuuita wizi; tuliuita "kilo za vumbi," yaani fidia ya uchafu na unyevu ulio ndani ya gunia. Mizani yangu ilikuwa na alama ya Shirika la Taifa la Viwango, kwa sababu siku ya ukaguzi niliurudisha mshale kwenye sifuri. Tena nilikuwa nimeshaambiwa. Mwaka 2016 mhubiri mgeni kanisani kwetu alisoma Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na moyo ulinigonga hivi kwamba nilitoka nje nikajifanya nakwenda kumtazama mtoto. Mstari huo ulinirudia mara nyingi baada ya hapo, wakati mwingine katikati ya mfungo wa kuomba Kisenyi. Kila uliponijia niliukemea. Nilisema ni sauti ya mshitaki, yaani shetani, kwa kuwa hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo.

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipokuwa, kubwa kuliko kiwanja. Nilichukua neno la kweli la Maandiko na kulifanya ngao dhidi ya Roho aliyekuwa ananiongoza. Tangu hapo nimejifunza kutofautisha sauti hizo mbili kwa namna ambayo imenisaidia mara nyingi. Sauti ya mshitaki huniambia kwamba mimi ni mbaya, kisha huniacha hapo bila la kufanya, nimejaa giza. Roho alinitajia parafujo. Alitaja kitu chenyewe, mahali kilipo, na mkono unaokigusa. Na ningeweza kumtii kabla ya chai.

Lugha yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Mama akisema mtoto wake hasikii, hana maana kwamba masikio yana ugonjwa. Mtoto amesikia kila neno, hakufanya tu. Kiganda nacho ni hivyohivyo, kwani utii huitwa obuwulize, neno linalotokana na kusikia. Miaka mitano nilikuwa namwomba Mungu aseme, na kwa maana ya lugha yangu mwenyewe nilikuwa mtoto asiyesikia.

Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo jioni ile nilikwenda kwa mzee mmoja wa ushirika wa Ijumaa. Yeye ni wa walokole wa zamani, wale ambao mizizi yao ni uamsho uliofuata baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, kisha moto ukawaka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda na nchi jirani. Walokole hao walijulikana kwa kuungama hadharani na kwa kurudisha. Wazee husimulia kwamba mtu alipookoka leo, kesho alionekana njiani akimrudisha mbuzi, au akipeleka mahali pa kazi jembe alilolichukua. Waliita maisha hayo kutembea nuruni, kufuatana na Waraka wa kwanza wa Yohana. Nilikuwa nimekaa katika ushirika wao miaka mingi, nikiimba nyimbo zao, na sikuwahi kufikiri kwamba hilo la kurudisha lilinihusu.

Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nenda kwanza kwa mwenye gunia. Kanisani utakuja baadaye." Alinisomea Mathayo 5, pale Bwana anapomwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni aende kwanza kupatana na ndugu yake, akaomba nami, akanipa viazi vikuu vya kupeleka nyumbani.

Nasikitika kusema kwamba nilifanya kinyume. Jumapili iliyofuata kabla ya kwenda kwa mkulima hata mmoja, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakalia, wakapiga makofi, mchungaji akaniombea. Nilirudi nyumbani nimejisikia mwepesi. Jumanne akaja ghalani mkulima kutoka Masafu, mtu mzima ambaye alikuwa ameniuzia mahindi miaka saba. Hakukaa. Aliniambia, "Mama, nasikia Jumapili ulipigiwa makofi kwa kilo zangu." Sikuwa na jibu, na bado sina. Alikuwa na haki ya kusikia kutoka kinywani mwangu kabla ya mtu yeyote, nami nilikuwa nimeigeuza hasara yake kuwa ushuhuda wangu. Nilipiga magoti pale penye vumbi la pumba nikamwomba radhi kwa yote mawili. Fedha alizipokea baada ya miezi miwili. Mahindi hajaniletea tena, nami simlaumu.

Tulianza kupiga hesabu, mume wangu na mimi, usiku, kwa taa ya sola. Madaftari ya mwaka 2016 hadi 2021 yalikuwapo. Ya zamani zaidi yaliliwa na mchwa. Tulipata wakulima 63 na magunia 2,140. Kilo tatu kwa kila gunia ni kilo 6,420, na kwa bei ya wastani ya shilingi 700 ikawa shilingi 4,494,000. Mambo ya Walawi sura ya 6 inasema aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Mzee aliniambia kwamba hatuko chini ya sheria ile na hakuna atakayenidai. Mume wangu ndiye aliyesema tuongeze. Jumla ikawa shilingi 5,392,800, wakati deni la SACCO lilikuwa bado halijaisha.

Kabla ya kwenda kokote nilimwita kijana wa kaka yangu nikamweleza kwamba kuanzia leo mshale unakaa kwenye sifuri na kwa nini. Alinitazama kwa mshangao usio na ubaya wowote, akasema, "Shangazi, nilidhani ndivyo mizani inavyowekwa." Miaka yote hiyo hakujua kwamba ni wizi. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa utulivu ule ule niliomfundisha nao kushona mdomo wa gunia. Kati ya yote yaliyonipata, pamoja na Kisenyi, hakuna neno lililonichoma kama hilo.

Kurudisha kulichukua miezi kumi na minne, kwa kuwa tulilipa kadiri tulivyopata. Nitaeleza yaliyonisaidia. Nilikwenda mwenyewe, Lumino, Dabani, Buteba, vijiji vya Bugiri, sikutuma fedha kwa simu isipokuwa pale mtu aliponiomba hivyo. Nilibeba daftari ili mkulima aone magunia yake na tarehe zake. Nilitaja kosa kwa jina lake, wizi, kwa sababu siku ya kwanza nilitumia maneno ya "kilo za vumbi" na mama wa watu akadhani nimekuja kudai. Sikueleza sababu zangu wala kuomba sala ya kunibariki. Na nilikubali lolote lililofuata. Wengi walistaajabu, wachache walicheka, mmoja aliniambia atanipeleka polisi nami nikamwambia nitakuja akiniita. Mwingine alikuwa ameshafariki. Mwanawe alizihesabu fedha mara mbili, akaniuliza kwa upole kwa nini sikuja wakati mama anaumwa na wao wanatafuta pesa za dawa. Wakulima ambao madaftari yao yaliliwa tuliwalipa kwa njia nyingine: kwa misimu miwili, kila gunia lililotoka vijiji vile tulililipia kilo moja zaidi, nami niliwaambia sababu.

Hasara haikuwa ya fedha tu. Wafanyabiashara wenzangu walinikasirikia, kwa maana wakulima walianza kuja sokoni na pakiti ya sukari ya kilo mbili na kuitundika kwenye kila mizani kabla ya kuuza. Mwenzangu mmoja tuliyekula naye chakula cha mchana miaka kumi hajanisalimia tangu wakati huo. Faida yangu ilipungua kwa kiasi kilekile cha kilo tatu, na nililazimika kujifunza kununua mahindi makavu na kuyapepeta vizuri, kazi ambayo hapo awali ilifanywa na parafujo.

Mtu ataniuliza kama baadaye Mungu alinijibu habari za Kisenyi. Hajanijibu. Nimeacha kuuliza kwa namna ile ya kwanza, na nina daftari dogo ambalo huandika humo, kwa tarehe, kila jambo ninalodhani Bwana ananiambia, pamoja na nilichofanya. Ukurasa mmoja unasema: lipa mshahara wa kijana kabla ya Ijumaa. Mwingine: mwombe radhi jirani kwa maneno ya jana. Mwingine nimeandika jambo kubwa, na mbele yake mume wangu ameandika kwa kalamu nyekundu ya mwalimu, "Tungoje." Tunangoja.

Kuna majina manne katika hesabu ile ambayo sijayapata. Wawili walihamia Kampala bila kuacha namba, na mmoja hakuna anayemkumbuka. Wa nne ni mama aliyeniuzia magunia kumi na moja mwaka 2017, na juma lililopita nimesikia kutoka kwa binamu yake kwamba anaishi kisiwani Sigulu, anauza mukene, yaani dagaa wa ziwani. Fedha zake, shilingi 27,720, nimezifunga katika karatasi pamoja na ukurasa wa magunia yake. Jumamosi hii mume wangu hana masomo, kwa hiyo tutakwenda naye Namayingo mapema na kupanda boti, kama ziwa litakuwa tulivu.